Rangi imekuwa kama chai ya maziwa, mashine ya polishi itairudisha?

Mwezi huu maswali ya rangi yamezidi hata ya injini, na naelewa, jua la Januari na Februari huku kwetu halimwonei huruma mtu. Swali la kwanza nimelijibu kwa kirefu kidogo kwa sababu mengine karibu yote yanarudi humo humo, kwahiyo hata kama gari lako sio jeupe soma tu.

Fundi habari za kazi. Niko Soweto hapa Moshi, nina Noah nyeupe ya mwaka 2003, ndo inatupeleka shule, sokoni na nyumbani Mwika. Ilikuwa nyeupe kweli kweli lakini sasa paa na boneti vimekuwa vya njano kama chai ya maziwa, haing'ai hata ikitoka kuoshwa, na mkono ukipita juu unahisi kama msasa. Fundi mmoja kaniambia hapo ni kupiga rangi gari zima, mwingine anasema mashine ya polishi inatosha na itakuwa kama imeshuka bandarini leo. Nani mkweli? Mama wa Noah, Moshi.

Mama, shikamoo, na umefanya vizuri sana kuuliza kabla hujatoa hela.

Kuna kitu ambacho wateja wengi hawaambiwi nami nitakisema hapa mwanzoni kabisa. Polishi ya mashine haiongezi chochote kwenye rangi, inapunguza. Ule mng'ao unaouona mwisho wa kazi unatokana na kwamba ngozi ya juu iliyochoka imekwanguliwa, ikabaki ya chini yake ambayo bado nzima. Kwahiyo usiulize kama gari litang'aa, litang'aa tu, uliza imebaki rangi kiasi gani ya kukwangua.

Gari likitoka kiwandani bodi yake ina praima, ile ya chini inayoshika kwenye chuma, juu yake rangi yenyewe, na kwa magari mengi juu kabisa klia, ile isiyo na rangi ambayo ndo inaleta mng'ao na kuikinga rangi ya chini. Ukizipima zote kwa pamoja unapata kama mikroni 100 mpaka 150, na mikroni elfu moja ndo zinafanya milimita moja, hebu fikiria. Klia peke yake mara nyingi ni mikroni 35 mpaka 50 hivi. Unywele mmoja wa kichwani kwako kwa kawaida ni mnene kuliko hiyo klia, na ndo hiyo hiyo fundi anaiwekea mashine. Na ndani ya hiyo klia kiwanda kimechanganya dawa ya kuzuia mionzi ya jua, maana yake kila ukiikwangua unapunguza mng'ao wa kesho na kinga pia. Mi huwa nawaambia watu hiyo ni akiba, unatoa kidogo kidogo na hakuna siku utaweka.

Sasa hiyo njano. Kwa Noah ya umri huo inakuwa imetoka sehemu zaidi ya moja. Klia yenyewe imezeeka kwa jua, hasa paa na boneti kwa sababu vinatazama juu siku nzima wakati milango inapigwa jua la pembeni tu, ndo maana ukilinganisha mlango na paa la gari lako utaona kama ni magari mawili tofauti. Halafu kuna uchafu uliojikita ndani, utomvu wa miti, moshi wa dizeli, vumbi jekundu, na vile vichembe vya chuma vinavyoruka kutoka kwenye breki vinakaa juu ya rangi vinaota kutu, kwenye gari jeupe ukisogeza macho unaviona kama vitone vya kahawia. Huo ukwaruzo unaouhisi mkononi ndo huo. Na sababu nyingine, ambayo hutaki kuisikia, ni kwamba inawezekana gari lilishapigwa rangi huko nyuma kwa rangi ya bei rahisi. Ile mafundi wanaita NC inageuka njano yenyewe kadiri inavyozeeka, tofauti na ya 2K ambayo inachanganywa na hadina, ile dawa ya kuigandisha. Kama njano imo ndani ya rangi yenyewe mpaka chini, mashine itakusaidia kidogo tu na miezi michache mbele mtarudi pale pale.

Kwahiyo mama kabla ya mtu yeyote kuwasha mashine, fanya hivi mwenyewe nyumbani. Osha gari vizuri likauke, chukua kile kifuko chembamba cha plastiki cha mkate, vaa mkononi kama glavu afu pitisha taratibu juu ya boneti. Kifuko kinafanya vidole vihisi vitu ambavyo mkono mtupu hauhisi. Ukisikia vichangarawe vingi jua sehemu kubwa ya tatizo ni uchafu uliokaa juu, na huo unatoka bila kukwangua rangi, kuna dawa ya kuyeyusha chuma ambayo ikikutana na vile vichembe inageuka zambarau na kutiririka, unaona kabisa gari linalia zambarau, halafu unafuata na ule udongo maalum wa kusafishia rangi, unaulainisha kwa maji ya sabuni na kuuteleza juu. Nimeshaona magari yaliyoletwa kwa ajili ya polishi nzito yakarudisha nusu nzima ya weupe wake kwa hatua hizi mbili tu.

Baada ya hapo sugua sehemu kavu kwa kitambaa cheusi. Kikitoka na unga mweupe kama chaki basi hiyo ni rangi isiyo na klia juu, rangi yenyewe ndo inakufa na kuwa unga. Hiyo inapendeza sana ikipigwa mashine lakini inaisha haraka, kwa sababu unachokwangua ndo rangi yenyewe. Kisha pitisha ukucha kwenye kingo za paa na juu ya kioo cha mbele. Ukucha ukikwama kwenye ukingo unaoinuka kama gamba, klia imeshaachia, hapo yule fundi wa kupiga rangi ndo mkweli, angalau kwa hiyo sehemu.

Kama hakuna gamba, tafuta fundi mwenye kipimo cha unene wa rangi. Ni kidude cha kushika mkononi, anakigusisha kwenye bodi kinatoa namba. Akipima paa akapata mikroni 110, boneti 105, milango 115, hiyo ni rangi ya kiwandani na ina nafasi. Akipata 300 mlangoni ujue ulishapigwa rangi tena, ikienda 600 na zaidi hapo chini kuna pati, ile ya kuziba mabonde. Akipata 70 boneti, mama mwambie asiguse na mashine nzito, kuna mtu alishapita hapo kabla yake. Ila kipimo kinakwambia jumla tu, hakikwambii klia ni ngapi humo ndani, na bampa kwa sababu ni plastiki vipimo vingi vya kawaida haviisomi. Ndo maana fundi mzuri namba inampa tahadhari, haimpi ruhusa.

Halafu, na hapa ndo ninakuomba usikubali kuruka hatua, mwambie afanye sehemu ya majaribio kwanza. Hapo kwenye boneti abandike tepu ya karatasi katikati, upande mmoja auache kama ulivyo, upande wa pili apige kwanza na kitu laini kabisa alicho nacho, sponji laini na polishi ya kumalizia, eneo la kama sentimita 40 kwa 40. Afute. Kama njano imetoka hapo hapo basi gari zima litapigwa na hiyo hiyo laini na hakuna sababu ya kuleta kompaundi kali, yaani polishi inayokwangua zaidi. Ikibaki, apande ngazi moja, sponji ngumu zaidi au kompaundi ya kati, ajaribu tena. Wengi wanafanya kinyume, wanaanza na pedi ya manyoya na kompaundi kali zaidi dukani kwa sababu inaleta matokeo haraka mteja akiwa amesimama pale, lakini umetoa mikroni kadhaa za bure ambazo ungezihitaji miaka mitatu mbele.

Tepu ikibanduliwa utaona mwenyewe. Kuna mstari, huku chai ya maziwa, huku maziwa yenyewe, na kwenye ule upande safi unaona taa za dari zimechorwa vizuri na upande mwingine zimefifia. Nakwambia nimefanya kazi hii miaka mingi na bado huo mstari unanifurahisha, mteja anakaa kimya kidogo halafu anaanza kupiga picha.

Kabla hujaukubali huo upande mzuri mwambie aufute kwa spiriti iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kwa kitambaa safi. Polishi nyingi zina mafuta yanayojaza mikwaruzo yakaificha, spiriti inayaondoa na unaona kazi halisi. Kama weupe umebaki baada ya spiriti, hapo ndo mlipane.

Kwa gari lako bei usiikubali kwa maneno "gari zima" tu. Noah ina paa kubwa, na paa ndo limechoka kuliko kote, nimeona wengi wanapiga boneti na milango vizuri halafu paa wanalipitishia kitambaa kwa sababu mteja haoni juu. Panda kwenye ngazi uangalie. Na mtu akikwambia anamaliza gari zima kwa saa moja, usimpe funguo. Kusafisha kwa dawa, udongo, kufunika raba na plastiki kwa tepu, hatua moja ya mashine na kufuta, kwa Noah hiyo ni siku nzima ya mtu anayejua anachofanya, na kama ni hatua mbili ni siku mbili.

Kwahiyo nani mkweli, mama, hapo ulipo bila kupimwa hakuna mkweli hata mmoja kati yao. Ila kwa maelezo yako njano iko paa na boneti, kwahiyo kama rangi haijabanduka mi ningeanza na dawa ya chuma, udongo na sehemu ya majaribio, na rangi ningeiweka mwisho kabisa tena kwa paa peke yake ikibidi.

Shikamoo fundi. Niko Kijenge Arusha, nimeanza kuosha magari na nataka niongeze huduma ya polishi. Mashine sina ila bro wangu ana grainda, kuna sponji za kufunga kwenye grainda nimeziona dukani. Naweza kuanza nayo? Kijana wa Kijenge.

Marahaba mdogo wangu. Hapana, na nitakueleza kwanini ili usije ukafikiri nakuzuia riziki.

Grainda ndogo ya inchi nne na nusu inazunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Mashine ya polishi ya rotari inaanzia kama 600 na kuishia kama 3,000, na kazi zangu nyingi nazifanya kwenye 1,000 mpaka 1,500. Sasa weka sponji kwenye kitu kinachozunguka mara saba mpaka kumi na moja ya spidi inayotakiwa juu ya klia nyembamba kuliko unywele, joto linalozalishwa pale hata hujamaliza kusoma sentensi hii klia imeshalainika na kuchanika. Sponji yenyewe inaweza kupasuka ikakurukia usoni. Kuna grainda zina kidude cha kupunguza spidi, hata hizo nyingi hazishuki vya kutosha, na ukizishusha zinakosa nguvu.

Mi mwenyewe niliunguza rangi nikiwa na mashine sahihi mkononi, sio grainda. Ilikuwa mwaka wangu wa pili kwenye kazi, gereji ya watu pale Unga Limited, Corolla ya bluu, kwenye ule mkunjo wa mlango wa nyuma. Mtu kaniita jina, nikageuka kumjibu, pedi ikabaki palepale sekunde chache. Niliponyanyua kulikuwa na doa la kijivu saizi ya ukucha wa kidole gumba, praima, na ule moshi mwembamba wenye harufu ya plastiki iliyoungua. Nililipa mlango mzima upigwe rangi. Kwenye mikunjo na kingo rangi ni nyembamba toka kiwandani kwa sababu ikiwa bado mbichi inakimbia kona, halafu mashine nayo uzito wake wote unaangukia kwenye kamstari hako kamoja. Tangu siku ile kila mkunjo nauwekea tepu kabla sijawasha, na ukinikuta nafanya kazi usiniite, subiri nizime.

Ushauri wangu mdogo wangu, jibane ununue mashine ya polishi ya aina ya DA. Hii inazunguka huku inayumba, haikai sehemu moja, joto linakuwa dogo, na zile za kawaida ukikandamiza sana zinaacha kuzunguka zenyewe kabla hazijaharibu kitu. Itachukua muda zaidi kuliko rotari kwenye rangi iliyochoka sana lakini utalala usingizi. Spidi weka ya nne au ya tano kati ya sita, matone matatu au manne ya polishi kwenye sponji, isambaze mashine ikiwa spidi ndogo ndo upandishe, la sivyo itakurukia mpaka kwenye vioo. Pita taratibu, kama sentimita mbili au tatu kwa sekunde, kila mstari uukanyage mstari uliopita nusu, kwenda na kurudi afu kushuka na kupanda, mara nne mpaka sita kwa eneo, basi. Weka kiganja kwenye bodi kila mara, ikiwa ya moto kiasi cha kutaka kutoa mkono simama ipoe. Fanya kivulini, bodi iliyokaa juani polishi inakaukia juu yake kama uji.

Na siri ya kazi hii ambayo haionekani kwenye video ni sponji safi. Rangi uliyoitoa inabaki kwenye sponji, ukiendelea nayo unasugua gari kwa uchafu wake mwenyewe. Kila baada ya paneli moja isugue kwa brashi, na uwe na sponji kadhaa, sio moja kwa gari zima. Anza na boneti ya chuma chakavu, zinapatikana kwa wauza spea za zamani, ifanyie mazoezi mpaka uitoboe rangi kwa makusudi ili ujue inavyokuwa kabla haijatoboka. Gari la mteja wa kwanza lisiwe ndo daftari lako.

Fundi, nina Harrier nyeusi, naishi Njiro. Niliipeleka polishi wiki tatu zilizopita, ikatoka inang'aa balaa. Sasa nikiwa juani au usiku chini ya taa ya sheli naona miduara kama utando wa buibui na mawimbi mawimbi yanayotembea nikitembea. Nimeibiwa? Harrier Njiro.

Kaka, pole, na sitasema umeibiwa kwa sababu sijaiona, ila hiyo kazi haikumaliziwa. Mawimbi yanayotembea na wewe ni alama za mashine ya rotari yenye pedi ya manyoya na kompaundi kali. Manyoya yanakata vizuri lakini yanaacha mikwaruzo midogo sana inayofuata mzunguko wa mashine, na baada yake lazima ifuate hatua nyingine, sponji laini na polishi nyembamba, ikiwezekana kwa DA, ya kufuta hizo alama. Ulipoipokea iling'aa kwa sababu mafuta ya kompaundi yalikuwa yamejaa kwenye mikwaruzo, umeosha mara tatu nne mafuta yameondoka, mikwaruzo imebaki uchi. Ndo ile spiriti niliyomwambia mama wa Moshi hapo juu.

Ule utando wa buibui unaweza kuwa wa zamani au umeletwa na kuosha, tutafika huko chini.

Habari njema ni kwamba hii kwa kawaida inarekebishika kwa hatua moja tu laini, huhitaji kuanza upya. Ipimwe kwanza unene kwa sababu imeshakatwa mara moja kwa nguvu. Na siku ya kuchukua gari jeusi usilipokelee ndani ya banda, litoe juani, jua likiwa limeinama kidogo, tembea ukilizunguka, au washa tochi ya simu ukaisogeze karibu na boneti. Nyeusi haina siri hata moja ikikutana na mwanga wa nukta moja.

Mimi ni dereva wa watalii, natumia Prado kwenda Karatu na kurudi. Taa zimekuwa za njano, usiku sioni vizuri pale Makuyuni ng'ombe wanapovuka. Wenzangu wanapaka dawa ya meno, wengine mafuta ya taa. Kipi bora? Dereva, Sakina.

Ndugu yangu vyote viwili vinakudanganya, tena kwenye kitu cha usalama. Dawa ya meno ina chembe za kusugulia kwahiyo inatoa kanjano kidogo, mafuta ya taa yanajaza tu mikwaruzo, zote baada ya muda mfupi njano inarudi. Kioo cha taa hizi sio kioo, ni plastiki ngumu iitwayo polikaboneti, na kiwanda kiliipaka utando wa kuzuia mionzi ya jua. Utando ule ukifa plastiki inaungua na jua. Na jua letu ni kali kweli, tuko karibu na ikweta na Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, kila ukipanda mita 1,000 mionzi hiyo inaongezeka karibu asilimia 10. Ongeza mchanga wa njiani unaoipiga taa kila siku.

Kazi yenyewe ni kutoa utando uliokufa wote kwa msasa wa maji, kuanzia namba 800 au 1000 kama njano ni nzito, kisha 1500, 2000, 3000, kila namba unabadilisha uelekeo ili uone mikwaruzo ya namba iliyopita imeisha. Itakutisha maana katikati ya kazi taa inakuwa nyeupe kama barafu, usiogope, endelea. Kisha sponji na polishi mpaka uione balbu ndani. Halafu, na hapa ndo wengi wanaharibu, lazima urudishe kinga, ama klia ya 2K yenye kinga ya jua au dawa maalum ya taa. Ukiacha plastiki tupu inarudi njano haraka kuliko mwanzo. Kama fundi anapuliza klia ya 2K avae barakoa yenye vichujio vya kemikali, hadina yake inaumiza mapafu na kile kitambaa cha kufunga puani hakizuii kitu.

Kama njano au ukungu uko upande wa ndani ya taa, polishi haifiki huko.

Boneti yangu ina mabaka, klia inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Polishi itasawazisha? Msomaji, Boma Ng'ombe.

Haitasawazisha ndugu. Mashine itaendelea kubandua na ile rangi ya chini bila klia haina kinga. Hapo ni kukwangua mpaka pazima, kupiga rangi na klia ya 2K paneli hiyo. Hela ya polishi iongezee huko.

Fundi, gari langu nimelipiga polishi mwaka jana likapendeza, nalaza chini ya mjakaranda hapa nyumbani Ngaramtoni, naosha Jumamosi kwa vijana wanaotumia sabuni ya unga. Limeanza kufifia tena. Nirudie polishi kila mwaka? Mama wa Ngaramtoni.

Mama usirudie kila mwaka, tafadhali. Kama ni mikroni chache kila mara, miaka kadhaa tu hiyo klia imekwisha na utakuwa umelipa kila mwaka kwa ajili ya kuimaliza.

Anza na kuosha kwa sababu mikwaruzo mingi ya utando wa buibui inatoka hapo. Vijana wanatumia ndoo moja na kitambaa kimoja kwa magari yote, kitambaa kikianguka chini wanakikung'uta wanaendelea, na vumbi letu ni la volkano, lina chembe ngumu. Peleka ndoo zako mbili, moja ya sabuni moja ya maji matupu ya kusuuzia glavu, na glavu yako ya maikrofaiba. Waambie wamwagie maji mengi kwanza kabla mtu hajagusa. Sabuni ya unga iache kwa nguo, inaondoa waksi yote, ile nta ya kukinga rangi, nunua shampuu ya magari, kifuniko kimoja kwenye ndoo kinatosha. Afu wakaushe, wasiache maji yakaukie juani hasa kama ni ya kisima, yanaacha madoa ya chumvi ambayo yakikaa wiki kadhaa yanakula klia.

Mjakaranda ni mzuri kwa macho lakini Oktoba na Novemba yale maua yakianguka na kuoza juu ya boneti yanatoa maji ya kunata, na ndege wanakaa humo. Kinyesi cha ndege ndo kibaya kuliko maua, kikikutana na jua kinaacha alama kama ramani, na mashine yenyewe wakati mwingine haiitoi. Usikisugue kikavu. Weka kitambaa kilicholowa juu yake dakika tano, kinyanyue, mwaga maji. Weka chupa ya maji na kitambaa kwenye buti.

Na baada ya polishi lazima kitu kikae juu ya klia, mwaka jana inaelekea hukuwekewa. Waksi ya kanuba, nta ya mmea, inapendeza ila huku kwetu tegemea kama wiki sita mpaka nane, silanti, yaani kinga ya kutengenezwa kiwandani, inafika miezi kadhaa, seramiki, ule utando mgumu wa kupaka, ni ya miaka lakini bodi iandaliwe vizuri kwanza, ukiiweka juu ya rangi yenye mikwaruzo umeifungia humo. Kujua kama bado ipo, mwaga maji kikombe kimoja juu ya boneti iliyooshwa. Yakijikusanya matone na kukimbia, ipo. Yakitandazika yakalala kama shuka, siku hiyo hiyo ikikauka paka nyingine, kwa mkono tu, bila mashine.